Gauni la Tatu

Neno la kwanza la Kifaransa alilotufundisha lilikuwa "non". Vitabu vyetu vilianza na salamu, kama vitabu vyote vya lugha, lakini yeye alivifunga, akasimama mbele yetu miguu ikiwa imeachana kidogo, kama mtu anayengojea kusukumwa. Akasema, "Salamu mtazijua tu. Mtasalimia watu mpaka mzeeke. Hili ndilo linataka mazoezi." Kisha akatuonyesha namna ya kulitamka. Halitoki kooni, alisema, wala kwenye meno. Linatoka puani, na ulimi unatulia kama mgeni. Tulikuwa wasichana arobaini katika chumba kimoja, na kwa wiki nzima tulilisema kwa zamu, mpaka mwalimu wa hesabu aliyekuwa chumba cha pili akaja kuuliza kama tumeambukizana mafua.

Tulimwita Madam. Walimu wote wa kike waliitwa hivyo, Madam wa Kemia, Madam wa Dini, lakini mtu akisema Madam bila kutaja somo, ilijulikana ni yeye.

Ninaandika habari zake kwa sababu ya filamu moja na neno moja la Kijaluo. Bila hivyo viwili, leo ningekuwa mke wa pili wa bwana mmoja wa Awasi mwenye duka la mabati na saruji, na barua yangu ya chuo cha ualimu ingekuwa imefungiwa karanga sokoni. Naomba msomaji anivumilie nieleze polepole, maana filamu yenyewe ni ngeni na neno lenyewe ni fupi mno.

Filamu ilikuwa ya Wafaransa, ya zamani, iliyotolewa kwenye hadithi ya kale ya watoto. Madam alikuwa nayo kwenye diski moja iliyokwaruzika, aliyoisafisha kwa pindo la leso yake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, aliazima ukumbi mdogo mtaani kwetu, Nyalenda, akaweka televisheni juu ya meza mbili zilizopandishwa, akafungua mlango kwa yeyote. Walikuja wanafunzi, akina mama wa mandazi, na wanaume wa mikokoteni ya maji waliotaka kivuli. Ilikuwa filamu hiyo hiyo kila mwezi. Mtu akimuuliza kwa nini haleti nyingine, alijibu, "Hii bado hamjaielewa."

Hadithi ni hii. Malkia anakufa, na kabla ya kufa anamwapisha mfalme asioe mwingine ila aliye mzuri kumshinda yeye. Mfalme anatafuta nchi nzima na hampati, isipokuwa mmoja, naye ni binti yake mwenyewe. Anaamua kumwoa huyo. Watu wa ikulu wanasikia, wananyamaza. Binti anakimbilia kwa mwanamke mwenye uwezo wa ajabu, ambaye Madam alimwita "waya", yaani shangazi wa upande wa baba, kwa sababu alisema kwetu huyo ndiye mshauri wa msichana. Waya anamwambia: usimwambie mfalme hapana, atakasirika. Mwombe gauni. Gauni lenye rangi ya hali ya hewa. Akileta, omba la rangi ya mwezi. Akileta, omba la rangi ya jua. Mfalme analeta yote. Mwishowe binti anaomba ngozi ya punda wa mfalme, punda anayenya dhahabu, na hata huyo anachinjwa. Ndipo binti anaivaa ngozi ile, anajipaka masizi, anatoroka.

Madam alisimama kando ya televisheni na kijiti cha kufagilia buibui, akitafsiri papo hapo. Alitafsiri kwa Kiswahili, na akikasirika kwa Kijaluo. Mfalme alipozungumza alitumia sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Binti alipozungumza hakubadilisha sauti. Alitumia yake.

Kuna jambo moja katika filamu hiyo lililowatesa watu wa Nyalenda zaidi ya yote. Watumishi wa mfalme wana nyuso za bluu. Bluu kabisa, kama ndoo. Mara ya kwanza nilipoiona, fundi wa televisheni mtaani alikuwa amekaa mbele, na hakuweza kuvumilia.

"Madam, hiyo rangi imekufa," alisema akiinuka. "Wacha nikusaidie."

"Kaa chini. Haijakufa."

"Jamani, mtu akiwa hivi anapelekwa hospitali. Nipe dakika moja tu."

Akaanza kubonyeza, na ukumbi mzima ukamshauri, huyu anasema ongeza nyekundu, yule anasema pole pole. Mwishowe watumishi wakawa na rangi ya watu, lakini binti wa mfalme akawa kijani kama mboga. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Madam aligonga meza kwa kijiti.

"Rudisha bluu," alisema. "Wamewekwa bluu makusudi. Ikulu ni ya bluu, farasi wana rangi ya nyumba, na hawa wamekaa karibu na mwenye nguvu mpaka wamechukua rangi yake. Wamesikia mfalme anataka kumwoa mtoto wake. Umemwona hata mmoja akikohoa?"

Fundi akarudisha bluu. Tangu siku hiyo, mtaani kwetu mtu aliyemwitikia tajiri kila neno aliitwa bluu. "Yule ni bluu wa chifu." Nadhani neno hilo bado linatumika, hata na watu wasioijua filamu.

Punda pia alileta maneno. Mwuza maji mmoja alikuwa ameegesha mkokoteni mlangoni, na punda wake ameingiza kichwa ndani. Punda wa kwenye filamu alipochinjwa, mwenye mkokoteni alisimama.

"Huyo si ndiye anatoa dhahabu?"

"Ndiye," alisema Madam.

"Na ndiye anawalisha?"

"Ndiye."

"Basi mfalme ni mjinga. Mimi wangu anatoa mavi ya kawaida na bado simchinji."

"Baba, wewe umeielewa filamu kuliko hawa wanafunzi wangu," alisema Madam, na akamaanisha. Alituandikisha jambo hilo Jumatatu: kwamba mtu akitaka kitu asichopaswa kukitaka, atachinja hata kile kinachomlisha.

Mchungaji mmoja wa jirani alikuja kumwonya. Hiyo hadithi ya baba na binti ni chafu, alisema, haifai mbele ya watoto. Alikuwa ameshika Biblia kwapani. Madam alimpa kiti, akamletea chai, akangoja amalize. Halafu akasema, "Mchungaji, wazazi waliowakosea mabinti zao wamo kwenye kitabu hicho ulichoshika, na sijawahi kuja kwako kukizuia kisisomwe. Chai ina sukari?" Mchungaji alikunywa. Mwezi uliofuata alikaa benchi la nyuma, na alikuwa wa kwanza kusema "la" binti alipovishwa gauni la jua.

Sitaki nimchore kama mtu asiye na kasoro. Alituadhibu kwa kuchelewa dakika moja, na yeye alichelewa nusu saa, akija na mkoba mkubwa na sababu ndogo. Alitufundisha non, lakini hakutaka kuisikia. Siku moja aliniambia nimfutie ubao, nikamjibu kwa neno lake mwenyewe, kwa pua nzuri kabisa. Alinifutisha ubao huo kwa juma zima. "Non ni ya huko nje," alisema. "Humu ndani kuna mimi." Siku ya Ijumaa alinikuta nikifuta, akachukua kitambaa mkononi mwangu, akafuta nusu iliyobaki mwenyewe. "Nimefikiri," alisema. "Ulikuwa na haki. Lakini usirudie." Sikujua nifurahi au niogope, nikafanya yote mawili.

Na kulikuwa na jambo moja la ajabu zaidi. Hakutuonyesha mwisho wa filamu hata mara moja. Binti anapatikana, mwana wa mfalme mwingine anampenda, pete inamtosha kidole, na hapo Madam anabonyeza kitufe, televisheni inazima. "Yaliyobaki ni sherehe tu," alisema. Watu walilalamika. Fundi alidai kuna helikopta mwishoni. Hakuna aliyemwamini, maana ni hadithi ya farasi na mishumaa.

Sasa nieleze yangu.

Baba yangu alikufa nikiwa darasa la sita, na baba mdogo akakaa kwenye kiti chake. Alitulisha, na hilo sitalificha. Mama alikuwa akimwitikia kila jambo, ndiyo, sawa, kama ulivyosema, mpaka sauti yake ikawa kitu unachokisahau kikiwa bado kinasikika. Nilipomaliza kidato cha nne, baba mdogo alisema amenipatia mtu wa Awasi.

Nilikumbuka waya, nikamweleza Madam nitakavyofanya. Sikusema hapana. Niliomba gauni.

La kwanza, niliomba wasubiri barua ya chuo cha ualimu. Nilidhani itachukua mwaka. Baba mdogo alisema, "Barua ni karatasi, itangojewa." Ikaja baada ya miezi miwili. Aliisoma yote kwa makini, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Hongera sana, mwanangu," alisema. "Sasa tuendelee."

La pili, niliomba huyo bwana aje mwenyewe, mchana, aniambie kwa nini ananitaka. Nilidhani mtu mzima mwenye duka ataona haya. Akaja na gari lililooshwa. Alikaa kwa adabu, mikono magotini. "Nimesikia unapenda vitabu," alisema. "Nyumba yangu ina umeme." Akaongeza kwamba kusoma nitasoma, baadaye, mambo yakitulia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitisha. Nilijiona nikitulia pamoja na mambo yake.

Nilikwenda kwa Madam mbio. Alikuwa nyuma ya nyumba akiparua magamba ya samaki.

"Ameleta?" aliuliza kabla sijasalimu.

"Ameleta."

"La kwanza na la pili?"

"Yote, Madam."

"Wewe ulidhani hataleta? Umeangalia filamu yangu mara ngapi? Mfalme ana mafundi. Kila gauni linalouzwa dukani litaletwa, hata la jua." Akageuza samaki upande wa pili. "La tatu liwe kitu kisichouzwa."

"Kama nini?"

"Kesho wanakuja kufanya nini?"

"Ayie."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya asiyejua mila yetu. Ndoa ya kimila kwetu huanza na siku hiyo. Ujumbe wa mwanamume huja nyumbani kwa msichana, na wanacholeta siku hiyo ni cha mama wa msichana. Huitwa ayie, na watu hulitaja neno hilo kama jina tu, kama unavyosema krismasi.

"Ayie ni nini?" aliuliza Madam.

"Ni ile bahasha ya mama."

"Sikuulizi bahasha. Ni mwalimu wa lugha anakuuliza. Ni nini?"

Nilifikiri. Nililisema mdomoni polepole, kama tulivyosema non. "Ni kitenzi," nilisema. "Maana yake, nimekubali."

"Nani amekubali?"

Nilisogea karibu kumtazama usoni. Madam akaniambia nisimame mbali, magamba yanaruka.

Kesho yake walifika watu watano kutoka Awasi. Wazee watatu wa kwetu walikaa upande wa dirisha, na mama alikaa karibu na mlango wa jikoni, kwenye kigoda. Maneno yalikwenda vizuri, mizaha ikapita, soda zikafunguliwa. Msemaji wa wageni alipotoa bahasha, baba mdogo alinyoosha mkono. "Huyu mama ana haya," alisema. "Nitampokelea."

Nikasimama.

"Baba, nina ombi moja. La mwisho. Nikipata hilo, sitasema kitu tena."

Baba mdogo aliwatazama wageni kwa fahari, kama kusema, mnaona mtoto mwenye heshima. "Sema."

"Kitu hiki kinaitwa ayie. Nataka mama aliseme hilo neno. Yeye mwenyewe, na wazee wasikie."

Walicheka wote, kwa wema. Lilikuwa ombi dogo kuliko yote. "Huyu msichana ana akili," alisema msemaji wa Awasi. "Mama, sema tu, soda inapata moto."

Mama alitazama mikono yake. Nilimwona akiwa bluu. Nilimwona bluu kuanzia uso mpaka vidole, na nikajua nimekosea, nimemwomba mtu aliyechoka abebe mzigo wangu.

"Ok ayie," alisema mama.

Mzee mmoja mwenye masikio mazito alimgusa mwenzake. "Amesema ayie?"

"Amesema," alijibu mwenzake, "lakini kuna kitu mbele yake."

Kitu hicho ni silabi moja. Ayie ni nimekubali, ok ayie ni sijakubali. Baba mdogo alimwuliza mama amesemaje, na alimwuliza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuokota kilichoanguka. Mama akainuka kwenye kigoda. Alisema tena, kwa nguvu, na mara hii hata yule mzee hakuhitaji kutafsiriwa.

Bahasha ilirudi mfukoni. Wageni walimaliza soda zao, maana ni watu wenye adabu, wakaondoka. Baba mdogo alitoka nyuma yao na hakuja nyumbani kwetu kwa miaka mingi. Siku hiyo hiyo mama alifungua Biblia yake, akanitolea barua ya chuo. Ilikuwa imekunjamana na wino umefifia kidogo. Alikuwa ameitoa mfukoni wiki mbili kabla, alipofua lile shati, akaianika katikati ya Zaburi.

Sasa mimi ni mwalimu, na shule yangu, kwa utani wa maisha, iko njia ya kwenda Awasi. Huwa napita mbele ya lile duka la mabati. Mama anauza omena, dagaa wa ziwa letu, pale ufukweni Dunga, na sauti yake inasikika mpaka kwenye boti.

Mara ya mwisho nilipomwona Madam, kabla binti yake hajamchukua kwenda kuishi naye, alikuwa amehamia chumba kimoja huko huko Dunga. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, anangoja kupasuliwa. Nilimkuta amekaa nje, karibu na nyavu zilizotandazwa chini ambapo wanawake walikuwa wakianika omena. Alinitambua kwa hatua.

"Unachelewa siku hizi," alisema.

"Nimejifunza kwako, Madam."

Nilikuwa na shida, nikamweleza. Mwezi uliokuwa unakuja palikuwa na ayie nyingine, yangu, ya mtu niliyemchagua mwenyewe. Baba mdogo alikuwa ameleta ujumbe kwamba atakuja kukaa kwenye kiti cha baba. Hakusema lolote kuhusu yaliyopita. Alisema tu atakuja, na aandaliwe kuku. Jamaa wote walikuwa wamefurahi. Mama alisema niamue mimi.

Madam akaniuliza kama nimekuja na ile kompyuta yangu ya mkononi. Akaingia ndani akipapasa ukuta, akarudi na diski.

"Peleka mbele mpaka pete," alisema. "Leo usizime. Na mimi sioni, kwa hiyo wewe ndiye utatafsiri."

Nikaweka kompyuta juu ya kigoda, nikaikinga jua kwa leso yake. Pete ikaingia kidole. Kitufe hakikubonyezwa. Nikaanza kumweleza: harusi, watu wamevaa vizuri, tembo, maua. Halafu nikanyamaza.

"Mbona umekwama?"

"Madam, kuna helikopta."

"Fundi alisema kweli. Nani anashuka?"

"Mfalme. Baba yake. Amekuja na waya, wameoana. Amependeza."

"Na binti?"

"Anamkimbilia."

"Wanasema nini kuhusu mambo ya zamani?"

Nilisikiliza kwa makini, mpaka muziki ukaisha na majina yakaanza kupanda. "Hawasemi," nilisema.

"Watu wanafanyaje?"

"Wamefurahi."

"Kama mheshimiwa anayetua matangani," alisema Madam. "Vumbi linawapiga machoni, na wanapiga makofi. Ndiyo maana nilikuwa nazima. Nilijua mkiona mwisho huo mtafikiri ni lazima uwe wenu." Alipapasa mpaka akapata mkono wangu. "Lakini kuzima pia lilikuwa kosa. Niliwaficha. Tena mimi nimekosea zaidi ya hapo. Ile siku yako nilidhani mama yako atanyamaza tu, na kunyamaza kungetosha kuwaaibisha. Sikujua kwamba ana sauti. Nilikuwa nafundisha shule nzima kukataa na sikumdhania mama mmoja."

Wanawake kwenye nyavu walikuwa wakigeuza omena kwa ufagio, wakitusikiliza bila kujificha.

"Kwa hiyo nimzuie asije?" niliuliza.

"Sijasema hivyo. Kuku mpe. Kiti ni cha nani, hilo ndilo la kumwuliza, mbele ya watu, kabla hajakaa. Mwulize ile siku alinyoosha mkono kwa nini. Akijibu kama binadamu, akae. Watu hubadilika, hata wafalme. Akisema hayo yamepita, tusherehekee, wewe utamwambia nini?"

Nikasema.

Madam alitikisa kichwa. "Hiyo imetoka kooni. Unamwomba ruhusa. Rudia."

Nikarudia.

"Bado. Wewe ni mwalimu sasa, unaniaibisha. Ulimi utulie. Puani, mwanangu."

Nilivuta pumzi, yenye harufu ya samaki na jua, nikalisema mara ya tatu. Wanawake wote wakaacha ufagio, wakageuka kutazama ni nani aliyekatazwa, na nini. Mmoja wao alikuwa mama. Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kugeuza omena wake.